Somo ni la Lazima, Fungu Liko Wapi?

Mtoto wa Kitanzania anayesoma kwa mtaala mpya, ulioanza kutumika Januari 2024, hana hiari: atasoma Historia ya Tanzania na Maadili, na atalisoma kwa Kiswahili hata akifika sekondari, ambako masomo mengi bado yanafundishwa kwa Kiingereza. Agizo lilitoka juu kabisa. Rais John Magufuli ndiye aliyetaka historia ya nchi iwe somo la lazima, na waliokuja baada yake hawakulitupa wazo hilo. Jarida hili halina ugomvi na ulazima huo. Swali letu ni la kihasibu tu: mwalimu wa somo hili anaandaliwa wapi, kwa vitabu gani, na nani anagharimia utafiti unaoingia kwenye vitabu hivyo?

Jibu la sehemu ya kwanza linajulikana. Anaandaliwa vyuo vikuu, kwa Kiingereza. Anakaa miaka mitatu akisikiliza mihadhara ya Kiingereza, anaandika insha za Kiingereza, anasoma vitabu ambavyo vingi vilichapwa London au Nairobi kabla hajazaliwa, kisha anapangiwa shule Nachingwea na kuambiwa asimulie yote hayo kwa Kiswahili kuanzia Jumatatu. Anayejua kazi ya ualimu anajua kitakachotokea. Atashika kitabu cha kiada na kukisoma ukurasa kwa ukurasa, maana nyuma ya kitabu hicho hana kabati la kwenda kuchota. Na hao wa Taasisi ya Elimu Tanzania wanaokiandika wanachota wapi? Kitabu cha kiada kiko mwisho wa mnyororo. Mwanzo wake uko kwenye nyaraka, kwenye mahojiano na wazee, kwenye tasnifu, kwenye mabishano ya wahadhiri. Huko ndiko fungu la serikali halionekani.

Linaonekana kwingine. Mradi wa HEET, kwa mkopo wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia, unajenga na kukarabati vyuo vikuu vyetu, na vipaumbele vyake ni fani zinazohesabiwa kusukuma uchumi. Ufadhili wa Samia ulianzishwa kwa ajili ya vijana waliofanya vizuri zaidi masomo ya sayansi kidato cha sita. Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, imekuwa kwa miaka mingi ikitanguliza tiba, uhandisi na ualimu wa sayansi na hisabati. Hatusemi pesa hizo zimepotea. Nchi yenye wodi zisizo na daktari haina haja ya kuombwa radhi kwa kusomesha madaktari. Ila haiwezekani serikali hiyo hiyo ikalifanya somo kuwa la lazima kwa kila mtoto nchini, kisha ikawaambia wanaolitafiti kwamba wao ni watu wa ziada. Uganda angalau wanasema wazi: mwaka 2022 mishahara ya walimu wa sayansi ilipandishwa mbali sana na ya wenzao wa sanaa, wale wa sanaa wakagoma, na Rais Museveni hakuficha upande aliokuwa nao. Sisi tunalipamba somo kwa hotuba na kuliacha na njaa.

Kuna wakati haikuwa hivyo, na inafaa tuueleze kwa kirefu, kwa sababu wengi hudhani ulihitaji utajiri. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, kabla hakijapanda Mlimani. Idara ya Historia ilipata mkuu wake wa kwanza, Terence Ranger, mwaka 1963, mtu aliyekuwa amefukuzwa Rhodesia ya Kusini kwa siasa zake. Wakaja Isaria Kimambo, Arnold Temu, John Iliffe, Walter Rodney. Mwaka 1968 idara ikafanya jambo ambalo hadi leo linanishangaza kwa wepesi wake: wanafunzi waliokuwa wanarudi makwao kwa likizo walipewa kazi ya kuwahoji wazee juu ya vita vya Maji Maji. Vita vilipiganwa 1905 hadi 1907, kwa hiyo mtu aliyekuwa kijana wa miaka 15 wakati ule alikuwa mzee wa miaka 78. Walikuwepo bado, Umatumbi, Ungindo, Ungoni, Mahenge. Wanafunzi waliandika waliyosikia, yakapigwa chapa kwa stensili, yakafungwa pamoja. Kazi hiyo, pamoja na utafiti wa Gilbert Gwassa, ndiyo iliyomtoa Kinjikitile wa Ngarambe kwenye ripoti za maofisa wa Kijerumani, zilizomwita mganga mlaghai, ikamweka mahali ambapo wajukuu wa wapiganaji walimfahamu.

Hesabu gharama yake: nauli ya basi au treni, daftari, kalamu, msimamizi mwenye muda, karatasi za stensili. Bumu la mwanafunzi mmoja wa leo kwa muhula lingeweza kugharimia mahojiano ya wilaya nzima. Kilichokuwepo na ambacho sasa hakipo ni wahadhiri waliolipwa kutafiti na si kufundisha tu, madarasa yaliyotosha kumfahamu kila mwanafunzi kwa jina, na serikali iliyoamini kwamba taifa lililopata bendera juzi linahitaji kujua lilikotoka. (Tujikumbushe pia kwamba matunda ya kazi ile yalibaki kwa Kiingereza. Mwananchi wa kawaida akimjua Kinjikitile, mara nyingi amemjulia kwenye tamthilia ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969, iliyoandikwa kwa Kiswahili. Mwandishi wa tamthilia aliwashinda wanahistoria kwenye uwanja wao.)

Hapa msomaji mwenye kumbukumbu atanikatiza: serikali ikilipa, si itataka historia ya kuisifu? Hofu hiyo ni ya haki, hasa kwa somo ambalo jina lake limeunganisha historia na maadili, kana kwamba kazi ya yaliyopita ni kutufundisha adabu. Lakini turudi tena Mlimani. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao kwa mamia, na siku hiyo hiyo akajipunguzia mshahara wake kwa asilimia 20. Mwaka 1969 gazeti la TANU, The Nationalist, lilimkaripia Rodney hadharani. Mwaka uliofuata jarida la wanafunzi, Cheche, lilipigwa marufuku. Hayo si mambo ya kujivunia. Hata hivyo Rodney aliendelea kulipwa mshahara na umma, na mwaka 1972 kitabu chake cha jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilichapwa na Tanzania Publishing House, shirika la umma. Taasisi ya Taaluma za Maendeleo ilianzishwa 1973, na somo lake likawa la lazima kwa kila mwanafunzi wa chuo, awe wa sheria au wa uhandisi. Serikali ililipa, ikakasirika, ikaendelea kulipa. Ukiniuliza, huo ndio uhusiano wa kawaida kati ya dola na wasomi wake, na una afya kuliko huu wa sasa ambapo hakuna anayemkasirisha mwenzake kwa sababu hakuna pesa mezani.

Si kwamba meza ni tupu kabisa. Wafadhili wa nje wapo, Wajerumani hasa miaka hii, na tunawashukuru. Lakini mfadhili huja na maswali ya kwao. Ujerumani inataka kujua juu ya ukoloni wa Ujerumani, na ni haki yake. Nani atagharimia utafiti wa Operesheni Vijiji, kijiji kwa kijiji, wakati waliohamishwa miaka ya 1970 bado wanaweza kusimulia? Nani atalipia uchunguzi wa kilichotokea Isimani Krismasi ya 1971, mkulima Saidi Mwamwindi alipompiga risasi Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dakta Klerruu, na kilichokuwa kinasemwa mashambani kabla ya hapo? Umri wa mashahidi hao sasa unalingana na ule wa wazee wa Maji Maji mwaka 1968.

Hata kwenye ukoloni wenyewe, kutegemea wengine kuna bei. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier alisimama Songea, kwenye Makumbusho ya Maji Maji, akaomba msamaha, akaahidi kusaidia kutafuta fuvu la Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa mwaka 1906. Mazungumzo ya kurudisha mabaki ya wahenga na vitu vilivyochukuliwa yanaendeshwa kwa ushahidi: orodha za makumbusho, barua za maofisa, ripoti za wilaya. Sehemu yake iko Berlin, sehemu yake iko kwetu, kwenye Nyaraka za Taifa pale Upanga, kwa mwandiko wa Kijerumani cha zamani ambao hata Mjerumani wa leo hausomi bila kufundishwa. Mtanzania anayeweza kuusoma mwandiko ule na pia kukaa na wazee wa Kingoni akawasikiliza kwa lugha yao, si mtu wa ziada. Ni mjumbe wa meza ya mazungumzo, na hasomeshwi kwa semina ya siku tatu.

Kwa hiyo tunapendekeza Wizara ya Elimu itenge mfuko wa utafiti wa historia na uraia kwa vyuo vikuu, na fedha zigawiwe na wanataaluma wenyewe kwa ushindani wa wazi, kwa miaka mitatu mitatu ili mtafiti asikatwe njiani na bajeti. Ofisi yoyote ya serikali isipewe kuupitia mswada kabla haujachapwa. Kila anayepewa fedha atoe kitabu au makala kwa Kiswahili, kinachofikia maktaba za vyuo vya ualimu. Na sehemu ya kwanza ya fedha iende kwa wanafunzi wa mwaka wa pili, wakarudi makwao wakati wa likizo ndefu na kinasa sauti. Makala za toleo hili zinalijadili pendekezo hili kutoka pembe tofauti, na mbili kati yake zinalipinga: moja inasema fedha hizo ziende kwanza kwa walimu wa shule za msingi, nyingine haiamini kabisa kwamba mswada utabaki salama. Tumezitanguliza hizo mbili.