Rukwa isiuze mahindi na kununua unga

MKOA wa Rukwa ni miongoni mwa mikoa inayolisha Taifa. Kila msimu malori hutoka Sumbawanga yakiwa yamesheheni mahindi, maharage na alizeti. Mengine hurudi na mafuta ya kupikia na bidhaa nyingine za viwandani. Mkulima wa Ufipa huuza mazao ghafi wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, kisha hununua bidhaa zilizobeba nauli ya zaidi ya kilometa 1,100 kutoka Dar es Salaam.

Hasara haiishii kwenye bei. Gunia la mahindi la kilo 100 likikobolewa na kusagwa hutoa takriban kilo 75 za sembe, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni pumba. Alizeti ikikamuliwa hubaki mashudu. Hicho ni chakula cha ng'ombe, nguruwe na kuku. Mazao yakisafirishwa ghafi, chakula hicho na ajira za mashineni huondoka navyo.

Wapo wanaoamini kuwa soko litaletwa na supamaketi kubwa zenye matawi. Yaliyotokea nchini yanatoa onyo. Shoprite iliondoka mwaka 2014 na maduka yake yakachukuliwa na Nakumatt. Uchumi ilifunga mwaka 2015 huku wasambazaji wakiidai. Baadaye Nakumatt nayo ikaanguka. Kiwanda kikubwa kinaweza kusubiri malipo miezi miwili. Kikundi cha kina mama chenye mashine moja ya kukamua hakiwezi, kwani mtaji wa kununulia alizeti umo ndani ya deni hilo. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Hata hivyo, mnunuzi hapaswi kulaumiwa akikataa unga wenye mchanga au mafuta yasiyochujwa. Wasindikaji wa Sumbawanga wajiunge, wafungashe kwa vipimo sahihi na watumie SIDO kuifikia alama ya ubora ya TBS.

Wakifanya hivyo, shule za bweni, hospitali na hoteli za mkoa hazitakuwa na kisingizio. Zinunue unga na mafuta ya hapo hapo, kwa mikataba ya msimu mzima, na zilipe ndani ya wiki mbili. Halmashauri ndizo zianze, kwa kuwa ushuru wa mazao ni sehemu ya mapato yao.