Ndundu hadi Somanga: Mwezi Kwanza, Begi Baadaye

Anayepanga kutembea kwa kasi kutoka Ndundu hadi Somanga huanza na umbali: kilomita 60 za lami, saa 12 kwa mwendo wa kilomita tano kwa saa, basi siku mbili zatosha. Hesabu hiyo haitoshi, kwa sababu kusini mwa Daraja la Mkapa, linalovuka Mto Rufiji, mwenye kauli ya mwisho ni maji. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara kuu eneo la Somanga, na hata mabasi yakakwama. Masika, basi, si wakati wa safari hii. Kiangazi, kuanzia Julai, ndicho kinachoruhusu begi jepesi: koti la mvua, turubai na nguo nyingi za kubadilisha hubaki nyumbani.

Wapo watakaosema wepesi ni uzembe, na hofu yao ina msingi: kati ya 2002 na 2004 simba waliua watu Rufiji. Lakini mzigo mzito haumzuii simba. Humchelewesha msafiri mpaka giza limkute porini, na hapo ndipo hatari ilipo. Kinachostahili uzito ni maji, ingawa kila lita ni kilo nzima. Kwa hiyo panga vituo kwa vijiji vyenye visima, si kwa kilomita. Chandarua, tochi na pakiti za chumvichumvi kwa pamoja havifiki kilo mbili. Hivyo visipunguzwe kamwe, hata na mwenye haraka kuliko wote.