Hesabu ya Bahati



Yako mambo yahesabikayo kwa kalamu, na yako yenye njia nyingi mno hata kalamu ikachoka. Mwaka 1946 huko Marekani, mwanahesabu Stanislaw Ulam, akipata nafuu baada ya maradhi, alitaka kujua mchezo wa karata wa mtu mmoja hufaulu mara ngapi. Hesabu ilipomtatiza akafikiri: je, si yatosha kuzipanga karata mara 100, kisha kuhesabu zilizofaulu? Fikra hiyo yeye na John von Neumann waliipeleka kwenye kompyuta, wakitumia nambari zitokazo bila mpango wowote. Ikaitwa Monte Carlo, kwa mtaa wa Monaco ambako jamaa yake Ulam alipenda kwenda kucheza kamari kwa fedha za kukopa.

Jina hilo lina mazingatio, kwani njia hii yaonyesha wazi jinsi kamari inavyomla mtu.

Gurudumu la kamari la Ulaya lina nambari 37, tangu 0 hadi 36. Enyi vijana, andikeni nambari hizo katika vipande vya karatasi, mvitie katika kopo. Senti isiwekwe, hapa twapima tu. Mchezaji wa kudhaniwa ana shilingi 10, naye ataka zifike 20. Vuteni kipande kimoja. Kikitoka 1 hadi 18, mwongezeeni shilingi moja. Kikitoka chochote kingine, mpunguzieni moja. Kirudisheni, korogeni, vuteni tena, mpaka afike 20 au afilisike.

Mchezaji mmoja hatoshi kuwa ushahidi. Wakiwa wengi, matokeo hukaribia ukweli, ingawa polepole: kupunguza kosa kwa nusu kwahitaji majaribio mara nne. Kompyuta huyafanya maelfu kwa dakika, na jibu ni hili: katika kila wachezaji 100, kiasi cha 37 hufika, na 63 hurudi mikono mitupu. Sababu ni ile 0 moja tu! Lau isingekuwapo, wangegawana nusu kwa nusu.

Kamari imeharimishwa katika Suratul Maida, na hilo latutosha. Lakini kijana anayeambiwa na wenziwe kwamba leo ni zamu yake, na ahesabu kwanza vipande vya kopo. Kopo halimjui, wala halikumbuki kwamba jana alishindwa. Wazazi, kaeni nao mkahesabu pamoja.