Hita Ikizimika, Usikimbilie Kuilaumu

Baridi ya Julai huko Limuru haina mchezo. Baba aliyegeuza gereji kuwa karakana anaweka dari chini ya mabati, anaziba kila ufa, kisha anawasha hita ya gesi. Baada ya muda inazimika. Mtungi una gesi. Mpira uliopakwa povu la sabuni hauvuji. Anasema hita ni mbovu.

Huenda ni nzima. Hita nyingi za gesi za kuhamishika zina kifaa kinachokata gesi oksijeni ikipungua chumbani. Akikiondoa, moto unaweza kutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu inayoua. Mtoto anayemsaidia kupiga msasa atalalamika kichwa tu.

Dari ibaki, lakini yaachwe matundu ya hewa, chini na juu. Kichwa kikiuma, wote watoke nje kwanza.