Kompyuta Iliyofungwa na Kompyuta Iliyo Wazi

Mkulima wa Ikungi au Iramba apelekapo magunia ya alizeti kwenye mashine ya kukamulia mafuta, huiona kazi yote kwa macho yake. Mbegu huingia juu, parafujo kubwa huzibana, mafuta hutiririka upande mmoja na mashudu hutoka upande mwingine. Parafujo ikilika, fundi huifungua mashine, huilehemu na kuichonga upya, na kazi huendelea. Hakuna anayengoja ruhusa ya kiwanda kilichoiunda.

Sasa tuitazame kompyuta iliyo juu ya meza ya mwalimu. Vyuma na waya zake twaweza kuvifungua. Lakini kile kinachoiendesha, yaani mfumo endeshi, katika nyumba nyingi ni Windows, na Windows imefungwa. Aliyeinunua amenunua haki ya kuitumia, wala si haki ya kuichunguza, kuirekebisha au kumgawia jirani.

Jambo hili lilikuwa la wanasheria hadi tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa marekebisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Watumiaji wa nyumbani waliwekewa nyongeza ya mwaka mmoja, hadi Oktoba 2026, kwa masharti. Anayetaka kuendelea baada ya hapo huambiwa ahamie Windows 11, nayo yadai kumbukumbu ya gigabaiti 4, nafasi ya gigabaiti 64 katika diski, chipu ya usalama iitwayo TPM toleo la 2.0, na kichakato kilicho katika orodha ya kampuni. Kwa vichakato vya Intel, orodha hiyo kwa kawaida huanzia kizazi cha 8, kilichotoka mwaka 2017. Kompyuta nyingi tulizo nazo huku zilitufikia zikiwa mitumba na ni za kabla ya hapo. Ni nzima, zinawaka, zinaandika. Ila zimehukumiwa kuwa takataka.

Nami nilikuwa na moja ya namna hiyo, ya mwaka 2014. Nakiri pia kwamba Windows iliyokuwamo haikuwa na leseni. Fundi aliipachika, nami sikuuliza. Usiku mmoja kabla ya mtihani wa kidato cha tatu niliichomeka flashi iliyotoka kuchapisha katika duka moja la mjini Singida. Asubuhi mafaili yote yalikuwa yamegeuka vivuli visivyofunguka. Nilisimama mbele ya wanafunzi nikauandika mtihani ubaoni kwa chaki, kwa kukumbuka, na swali la saba sikulikumbuka kamwe. Likizo ya Desemba ilipofika nikahamia Linux.

Linux ni nini? Ndani ya kila mfumo endeshi mna sehemu iitwayo kiini. Kiini ndicho kinachoamua ni programu ipi ipewe kichakato na kwa muda gani, ni ipi ipate sehemu gani ya kumbukumbu, na nani aruhusiwe kuligusa faili fulani. Kiini cha Linux kilianza kuandikwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini. Mwaka 1992 alikiweka chini ya leseni iliyotokana na kazi ya Richard Stallman wa Marekani, ambaye tangu mwaka 1983 alikuwa amekwisha kuanza kuunda mfumo ulio huru. Leseni hiyo yampa kila mtu haki ya kuitumia programu, kuisoma ilivyoandikwa, kuibadili na kuigawa, kwa sharti kwamba anayegawa asiwanyime wengine haki hizo hizo. Tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zenye nguvu kuliko zote duniani zimekuwa zikiendeshwa na Linux. Na mwanafunzi mwenye simu ya Android anacho kiini hicho mfukoni bila kujua.

Juu ya kiini hicho watu mbalimbali wamejenga mifumo kamili. Mmoja maarufu, Ubuntu, ulianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Msemaji wa Kiswahili hahitaji kamusi ili aone kwamba jina hilo ni ndugu wa neno letu utu. Mimi nilichagua Linux Mint, ambao sura yake haimtishi aliyezoea Windows.

Wapo watakaosema kwamba upakuaji wa gigabaiti 3 ni gharama kubwa kwa mtu wa Mkalama au Itigi. Ni kweli. Lakini hapa ndipo ile leseni inapokuwa na faida ya dhahiri: akipakua mmoja, wengine mia watanakili kwa flashi, na hakuna aliyeiba. Sisi ni hodari wa kugawana filamu kwa njia hiyo. Safari hii tungekuwa tunafanya halali.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Husemwa kwamba ofisi zatumia Windows, kwa hiyo mtoto aliyezoea Linux atakosa kazi. Nami nauliza: tunamfundisha mtoto kompyuta, au tunamfundisha mahali vilipo vitufe vya kampuni moja? Nimewaona wanafunzi wa kidato cha nne waliokariri menyu yote ya programu ya kuandikia, lakini hawawezi kueleza faili ni kitu gani. Kitufe kikihama kutoka kushoto kwenda kulia, elimu yao imekwisha.

Historia yetu yenyewe yaonya. Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa mwaka 1965 katika Wizara ya Fedha. Mwaka 1974, baada ya hesabu za serikali zilizoingizwa katika mashine hizo kuvurugika, serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, na miaka mingi ikapita kabla ya marufuku hiyo kulegezwa. Waliokuwa wakizijua mashine zile kwa undani walikuwa wachache mno, na wengi wao wageni. Marufuku haikuongeza wajuzi hata mmoja.

Sitaki kumdanganya msomaji kwamba kuhama ni rahisi. Printa yangu ilikataa siku tatu. Hati zenye majedwali hufunguka zikiwa zimepinda kidogo, na vitabu vya hesabu vyenye amri za kujiendesha huenda visifanye kazi kabisa. Anayetumia programu maalumu ya uhasibu iliyoundwa kwa Windows pekee, abaki alipo. Wengine nawashauri waanze na majaribio: mfumo huwekwa katika flashi, kompyuta ikawashwa kwa flashi hiyo, na Linux ikaonekana bila kuigusa diski. Hapo mtu atazame kama sauti, intaneti na printa vinaitika. Asiweke chochote kabla hajanakili mafaili yake mahali pengine, kwa kuwa usakinishaji waweza kufuta kila kitu, na umeme ukikatika katikati hali huwa mbaya zaidi.

Limebaki suala la lugha. Mwishoni mwa mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Uswidi walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kupigia hesabu iliyokuwa kwa Kiswahili. Waliweza kwa sababu programu yenyewe ilikuwa wazi. Hawakuhitaji kumpigia mtu magoti. Windows nayo ilikuja kupata sura ya Kiswahili, ila neno baya likiwamo humo hatuna mamlaka ya kulibadili. Bahati mbaya programu husonga mbele kila mwaka, na tafsiri isiyotunzwa huachwa nyuma. LibreOffice, iliyochipuka kutoka OpenOffice mwaka 2010, ingali ina sehemu nyingi zinazongoja Kiswahili kizuri, na mlango uko wazi kwa yeyote.

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wangu maneno ishirini ya menyu wayatafsiri. Kumi na tisa yaliisha upesi. Lile la amri ya kurudisha kilichofanywa kwa makosa lilimaliza kipindi kizima: nusu walitaka “tendua”, nusu wakashikilia “rudisha”, na msichana mmoja wa kidato cha pili akasema kwamba “rudisha” yafaa kwa kitabu cha maktaba. Kengele ililia wakiwa bado wanabishana.