Anayeajiri na anayelipa waongee kabla hela haijatumwa

Wadau, leo tuwaache wateja kidogo. Tuongelee vijana wanaotufungia mizigo.

Mnakumbuka watumishi hewa wa 2016? Serikali ilikuta majina zaidi ya 10,000 yanalipwa mshahara na mtu kazini hayupo. Mtu akistaafu au akifariki, taarifa isipotoka utumishi kwenda kwenye mishahara, hela inaendelea kutoka tu.

Usicheke. Wewe uko Mwanjelwa, mchele na viatu vinapanda basi kwenda Iringa, kule kuna binti anapokea na kusambaza. Umemwajiri wewe, ila mshahara anautuma mumeo au mdogo wako kwa simu. Umemwongezea elfu thelathini kwa mdomo, mtumaji hajui. Mwisho wa mwezi binti anapokea pungufu, ananyamaza. Kesho yake mteja wa Mafinga anaulizia mzigo, simu ya binti haipokelewi. Hapo utasema vijana wa siku hizi hawana shukrani!

Mimi nasema grupu la WhatsApp halitoshi, meseji zinazama. Siku tatu kabla ya malipo, aliyeajiri aandike: jina, siku alizofanya, nyongeza, alichokopa. Anayelipa asitume bila karatasi hiyo, hata apigiwe kelele. Na mshahara ukivuka 270,000 kwa mwezi kuna kodi ya TRA. Ataikataje kama kiasi halisi kiko kichwani mwako?

Kwenu anayetuma hela ni nani?