Maporomoko ya Nyandarua ni Darasa la Lugha

Penye miti hakuna wajenzi, walinena wahenga. Methali hii hufunzwa katika shule zote za Nyeri, Othaya, Karatina na Nanyuki, na mwanafunzi yeyote hodari ataieleza maana yake bila ya kigugumizi. Lakini hebu tujiulize: ni wanafunzi wangapi katika miji hiyo ambao wamepata kutia mguu katika msitu wa Nyandarua, ulio mbele ya macho yao kila kunapopambazuka, wakayaona maporomoko ya Karuru, ya Gura au ya Chania? Swali hili mimi huwauliza wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza watokao sehemu hizo. Wanaoinua mikono huwa wachache mno, ilhali takriban wote wamewahi kupelekwa Mombasa kuitazama bahari.

Sina kinyongo na safari ya Mombasa. Rai yangu ni kwamba matembezi ya msituni hadi penye maporomoko yanastahili kuwa sehemu ya mafunzo ya lugha, na mwalimu wa Kiswahili aandamane na mwenzake wa jiografia na wa sayansi badala ya kubaki shuleni akisahihisha insha.

Mbuga ya Kitaifa ya Aberdare ilianzishwa mwaka 1950. Ndani yake mto Karuru huporomoka kwa ngazi tatu, jumla ya mita 273 hivi, na ng'ambo yake Gura nao hujitupa bondeni kwa kishindo. Kutoka pale magari yanapoegeshwa hadi mahali pa kuutazama Karuru ni mwendo mfupi usiomshinda hata mtoto wa shule ya msingi. Hahitaji kuwa mkwea milima. Anahitaji viatu imara, sweta na masikio yaliyo macho.

Nataja masikio kwa sababu. Wanafunzi wetu hukariri tanakali za sauti kama wakaririvyo majedwali ya hesabu: tumbukia majini chubwi, anguka mchangani tifu, anguka topeni tapwi. Huzikariri kwa ajili ya mtihani, na mtihani ukiisha huzitupa. Asimame mwanafunzi huyo penye maporomoko, aulizwe maji yanasemaje. Kisha mwalimu amkumbushe kwamba Wagikuyu huyaita maporomoko ndururumo. Kwamba Waswahili wana kitenzi kunguruma. Na kwamba mji wa Nyahururu, ambao wakoloni waliuita Thomson's Falls kwa sababu ya maporomoko ya mita 74 ya mto Ewaso Narok, unasemekana kupata jina lake katika neno la Kimaasai linaloiga mvumo wa maji, nalo likafinyangwa na ndimi za Wagikuyu. Hapa pana lugha mbili za Kibantu na moja ya Kiniloti, na katika zote tatu maji yanasikika kwa mrindimo wa sauti r. Hili ni somo la isimu ambalo mimi hulifundisha ubaoni kwa saa mbili, nalo lafundishika kwa dakika tano penye maji.

Aidha, pana suala la majina. Milima hii iliitwa Aberdare na Joseph Thomson, Mskoti aliyepita huku katika safari yake ya 1883 na 1884, kwa heshima ya Lord Aberdare, rais wa Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London. Bwana huyo hakuwa na uhusiano wowote na milima hii. Jina Nyandarua, kwa upande wake, huelezwa kuwa latokana na ngozi iliyowambwa kukauka, kwa jinsi safu hiyo ionekanavyo kwa mbali. Jina la kwanza lamsifu mkubwa wa ughaibuni. La pili laichora sura ya mlima. Hata jina la nchi yetu lina kisa chake. Mwaka 1849 Krapf aliuona Mlima Kenya akiwa Ukambani. Wagikuyu huuita Kirinyaga, lakini Wakamba, ambao lugha yao haina sauti r, walikuwa na matamshi yao wenyewe, na matamshi hayo ndiyo yaliyofika katika ramani za Ulaya. Mwanafunzi aelewapo jambo hili hatauliza tena fonolojia ina faida gani.

Sisemi majina ya kigeni yafutwe, kwani nayo ni historia. Ninachodai ni kwamba yasisimame peke yake. Mabango mengi niliyoyaona misituni mwetu huzungumza Kiingereza tu, kana kwamba mwenyeji hatarajiwi kupita hapo. Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 yatamka kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba Kiswahili na Kiingereza ni lugha rasmi. Tena yaitaka Serikali ikuze na kulinda lugha mbalimbali za wananchi. Bango la ubao penye njia ya maporomoko ni kitu kidogo, lakini ndilo lingeonyesha kama tuliyaandika maneno hayo kwa moyo au kwa wino tu.

Njiani kuna miti, nayo pia ina majina yanayopotea. Wazee wa Nyeri wangali wakitofautisha mutarakwa, muthaiti, muiri, mumondo na murangi. Kijana wa mjini huiona yote akasema ni "miti". Muulize mutarakwa kwa Kiswahili ni nini, atanyamaza, ingawa Waswahili wa Usambara wana neno mwangati. Mwanzi peke yake ndio unaonusurika. Mzee mmoja azikwapo na majina hamsini ya miti, hakuna kamusi itakayoyafufua, kwa maana hatukuwahi kuyaandika. Kila darasa litembealo msituni na daftari laweza kuokoa mawili matatu.

Zipo hoja za kupinga. Wengine watasema kuyatukuza majina ya wenyeji ni kuchochea ukabila. Kinyume chake ndicho kweli. Nanyuki na Naro Moru ni majina yenye asili ya Kimaasai katika miji inayokaliwa na Wagikuyu na wengineo wengi. Ayachunguzaye hugundua kwamba hakuna kabila lililowahi kuishi hapa peke yake. Wengine watataja hatari. Ni kweli msitu una ndovu na nyati, na mawe ya ukingoni huteleza. Kwa hiyo watoto na waende kwa kibali, wakiongozwa na askari wa wanyamapori, wala wasiachwe kuzurura. Wengine watalia na gharama. Lakini shule iliyoweza kulipia basi hadi Mombasa haiwezi kushindwa na safari ya asubuhi moja. Ama kuhusu mtihani, mtaala wa umilisi ulioanza kutumika nchini mwaka 2019 wamtaka mwanafunzi ajifunze kwa kutenda. Ni kutenda gani kunakozidi kuona, kusikia na kutaja?

Isitoshe, anayeipenda bahari na aanzie huku. Maji ya Gura na ya Chania huteremka, yakaingia mto Tana, yakazungusha mitambo ya umeme ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, kisha yakapita Garissa na Garsen na kumwagika katika Bahari ya Hindi karibu na Kipini, katika pwani ya Waswahili. Kiswahili kiliupanda mwinuko huu kutoka pwani, na maji ya mlima huteremka kwenda huko huko. Mwanafunzi aliyelitambua hilo hatakiona Kiswahili kuwa lugha ya watu wengine.

Basi walimu wa Nyeri na miji jirani, muhula ujao pangeni safari moja. Kila mwanafunzi aandike majina kumi kwa lugha ya nyumbani kwao na kwa Kiswahili, amuulize babu au nyanya yake yale asiyoyajua, kisha daftari hizo zihifadhiwe katika maktaba ya shule. Nanyi wanafunzi, walimu wakichelewa, wakumbusheni. Miti tunayo, wajenzi na wajitokeze.